Finjani ya Hajati Wasfiya

Wahenga waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hawakupata kupanda basi maishani mwao, lakini maneno yao yanawakaa abiria kama kanzu iliyokatwa na fundi wao wenyewe. Maana yake haina mzunguko: taabu ya jambo huijua anayeishi nayo, na asiyeishi nayo, hata akielezwa mchana kutwa, ataisikia kama habari za jirani. Wapo wanaoibishia methali hii. Hudai kwamba mwenye akili anaweza kukaa kitini pake akakijua kitanda cha mwenzake kwa kukitupia jicho tu. Bwana Mutlaq, meneja wa mabasi ya upande wa mashariki wa mji wa Amman, alikuwa mmoja wao, mpaka asubuhi ile Hajati Wasfiya alipoketi mbele yake akakataa kunywa kahawa.

Hajati Wasfiya alikuwa mjane aliyekula chumvi nyingi. Aliishi juu kabisa ya Jabali Sarwa, karibu na msikiti, pamoja na binti yake Rudayna aliyekuwa akishona sare za shule katika karakana moja mjini. Figo za Hajati zilikuwa zimegoma kufanya kazi. Kila baada ya siku moja alikwenda hospitali kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila mara alirudi amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Hata hivyo alikuwa haulalamikii ugonjwa wake. Basi dogo la kijani lilikuwa likipanda jabali mpaka mbele ya msikiti, na kutoka pale hadi mlangoni kwake hapakuwa na safari ya kuitwa safari.

Kisha asubuhi moja basi halikupanda. Watu walisimama kituoni wakatazamana. Habari ililetwa na muuza mikate aliyetoka chini: kituo kimehamishiwa bondeni, mwanzo wa ngazi, na basi lenyewe sasa ni refu jipya lenye viyoyozi. Aliyetaka kulipanda ashuke ngazi zote za Sarwa, na aliyerudi nalo azipande. Ngazi zile za mawe zimebanana katikati ya nyumba kutoka bonde hadi kilele, na hata paka wa Sarwa huzipanda kwa vituo.

Vijana walinung'unika wakazoea. Hajati hakuwa na miguu ya kuzoea. Alipotoka kwenye mashine alipanda kidogo akaketi, akapanda kidogo akaketi, huku Rudayna akimshika kwapa. Siku aliposhindwa kabisa, Baba Haitham kinyozi, ambaye duka lake liko katikati ya ngazi, alitoka na kiti cha plastiki, akatafuta mwanamume mwingine, wakambeba Hajati juu yake kama bibi harusi. Watu walicheka, naye alicheka nao. Lakini nyumbani alikigeukia kiambaza, na Rudayna akajua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kuficha aibu.

Alasiri moja, wakiwa wamepumzika kwenye kizingiti cha watu, Hajati alisema bila kumtazama binti yake, "Wiki ijayo siendi."

"Huendi wapi, mama?"

"Kwenye mashine. Ngazi hizi zitaniua kabla ya figo. Nikifa, nife nimelala kwangu. Sitaki kufia hapa, watu wakinivuka kwenda kununua mkate."

Daktari alikwisha kuwaambia wazi kwamba mgonjwa anayeiacha mashine huwa ameyaacha maisha. Rudayna alimsihi mama yake, akamkaripia, mwishowe akalia pale pale kizingitini. Hajati alimwacha alie, kisha akamwomba mkono ili wasimame.

Tangu siku hiyo Rudayna hakuwa na usingizi wala subira. Aliipigia simu kampuni ya mabasi kwa ile namba ya malalamiko iliyobandikwa kituoni. Sauti tamu iliyorekodiwa ilimshukuru kwa uvumilivu wake, ambao hakuwa nao, ikamwahidi kwamba maoni yake yana thamani kubwa, halafu ikakata. Alipiga tena na tena mpaka akaijua sauti ile kwa moyo. Hapo ndipo wanaume wa Sarwa walipokata shauri kwenda kwa meneja kwa njia ya wazee wao: ujumbe wa heshima, uso kwa uso, na msemaji wao awe Baba Haitham, kwa kuwa kinyozi haishiwi maneno.

Sasa kule kwao kuna desturi moja ambayo mtoto hainyonyi lakini huikuta nyumbani. Ujumbe wenye ombi zito ukikaribishwa kahawa, msemaji huipokea finjani na kuiweka chini bila kuigusa kwa midomo. Finjani ile ikikaa pale ni deni shingoni mwa mwenyeji. Hawezi kusema mengine mpaka aulize ombi ni nini, na mgeni hanywi mpaka akubaliwe. Mgeni akiondoka na kahawa yake haijanywewa, mwenyeji amevuliwa nguo mbele ya watu. Lakini mgeni akinywa kabla ya kusema, basi amekwisha kuridhika, na ombi lake linakuwa mazungumzo ya kawaida tu.

Wanaume walirudi mchana wakiwa na nyuso za matanga. Baba Haitham alieleza jinsi meneja alivyowapokea kwa bashasha, alivyomuulizia kila mmoja ukoo wake, alivyosifu hata kinyozi aliyewanyoa, na alivyoahidi kulitazama jambo lao. Alieleza kwa marefu na mapana. Rudayna alimngoja amalize.

"Baba Haitham, ile kahawa mliinywa?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Ofisi iko ghorofa ya juu, Rudayna. Lifti mbovu. Nilifika koo limenikauka, na kahawa ilikuwa na iliki."

"Ukainywa."

"Nilikunywa finjani moja." Alisita. "Ya pili alinimiminia mwenyewe."

Wanaume wengine waligeukia ukutani. Rudayna alitaka kusema neno ambalo jirani hamwambii jirani, lakini nyuma yake kulisikika kicheko. Hajati Wasfiya, aliyekuwa hajacheka kwa dhati tangu basi lipotee, alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Mna akili nyie," alisema. "Mwanamume mwenye kiu mnampeleka kwenye kahawa? Nipelekeni mimi. Daktari ananipimia maji kama dawa ya macho. Mimi na kiu ni wake wenza, tumeshazoeana."

Wapo waliosema ujumbe wa heshima si kazi ya wanawake. Hajati aliwajibu kwamba heshima yao imekwisha kunywewa, tena finjani mbili, waache wengine wajaribu. Kwa Rudayna alitoa ahadi moja tu: ataendelea kwenda kwenye mashine mpaka ombi lake lijibiwe. Likikataliwa, asimlilie tena vizingitini.

Waliingia ofisini kwa Bwana Mutlaq asubuhi moja lifti ikiwa imepona, Hajati mbele, Rudayna kando yake, na wanawake wa Sarwa nyuma yao wamejaa mpaka mlangoni. Mlinzi alikuwa amejaribu kuwazuia, Hajati akamuuliza kama mama yake mzazi yuko hai, naye akafungua mlango. Meneja alisimama kuwalaki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtanashati, mwenye viatu vinavyong'aa, na ukutani alitundika picha ya babu yake ameketi hemani kati ya midila mikubwa ya kahawa, kwa kuwa ukoo wake ulisifika kwa kukirimu wageni tangu enzi za ngamia. Kando ya picha palikuwa na ramani ya mji iliyochorwa njia za mabasi kwa rangi.

Mhudumu aliingia na mdila mkono wa kushoto, akammiminia Hajati kwanza. Hajati aliipokea finjani kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka mezani mbele ya meneja. Mhudumu alikuwa mtu wa makamo aliyekulia kwenye desturi hiyo hiyo. Aliiona finjani ile, akaacha kuwamiminia wengine, akarudi nyuma hatua moja na kusimama.

Bwana Mutlaq pia aliiona, akajifanya hakuona. Alizungumzia hali ya hewa. Alizungumzia mabasi mapya na jinsi yanavyosifiwa. "Kunywa, mama yangu, itapoa."

"Ipoe," alisema Hajati.

Meneja aliinuka akaenda kwenye ramani. Alieleza kwamba mabasi marefu hayawezi kugeuka pale msikitini, na kwamba yale madogo yamepelekwa upande wa magharibi kwenye maduka mapya. Aliweka kidole chini ya Jabali Sarwa, akakisogeza juu kidogo. "Tazameni wenyewe. Tulikokihamishia kituo ni hapa, na zamani kilikuwa hapa. Umbali wote ni kama ukucha."

"Na ngazi ziko wapi kwenye ramani yako?" aliuliza Rudayna. Hakuwa amekusudia kusema, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka. Meneja alitazama ramani. Palikuwa na mstari wa rangi ya kijani na jina la mtaa tu.

Kahawa ilipoa. Mhudumu, bila kuagizwa, aliimwaga na kumimina nyingine ya moto, akairudisha pale pale. Hajati hakuinyooshea hata kidole. Watumishi wa vyumba vingine walianza kuchungulia juu ya mabega ya wanawake, na mnong'ono ukapita ukumbini kwamba kuna mwanamke mzee amekataa kahawa ya bosi. Bwana Mutlaq aliusikia. Alifahamu kwamba kabla ya adhuhuri habari hii itakuwa imefika kwa shangazi zake wote, na kwamba jina litakalotajwa si la kampuni, ni la babu yake aliye pale ukutani. Jasho lilimtoka. Rudayna alimwona, na hakumwonea huruma hata chembe.

"Haya, Hajati," alisema meneja mwishowe, sauti imeshuka. "Sema ombi lako."

"Sitaki basi."

Wanawake wa Sarwa walishtuka. Rudayna alimshika mama yake mkono akidhani damu imempanda kichwani.

"Sitaki basi," alirudia Hajati. "Ukinipa basi leo kwa sababu ya finjani, wiki ijayo utalichukua kwa sababu ya ramani. Nakutaka wewe. Kesho ni siku yangu ya mashine. Nikitoka nikukute mlangoni mwa hospitali, bila gari lako. Turudi nyumbani kwangu pamoja kama ninavyorudi siku zote. Ukifika, utasema mwenyewe kama ni ukucha."

Meneja alikaribia kucheka kwa ahueni. Alikuwa ametegemea jambo kubwa, kumbe anaombwa matembezi. "Kunywa kahawa yako, Hajati. Umekubaliwa."

Hajati alilowesha midomo kwa kiasi alichopimiwa na daktari, akaitikisa finjani kidogo kama ilivyo ada ya mtu aliyetosheka, akamrudishia mhudumu. Mhudumu aliipokea akiwa ameinamisha kichwa.

Siku ya pili Bwana Mutlaq alikuja kweli, na tumpe haki yake, alikuja peke yake. Walisimama kituoni juani. Basi la kwanza lilitokea likiwa limefurika. Meneja aliinua mkono kama mtu aliyezoea kutiiwa, dereva naye akampungia kwa adabu, akapita. Hajati aliketi kwenye ukingo wa ukuta. Muda ulikwenda. Meneja alitoa simu ili aipigie ofisi yake, Rudayna akamzuia.

"Hiyo ni namba yako. Piga yetu sisi, hiyo hapo kwenye nguzo."

Alipiga. Rudayna aliisikia ile sauti tamu ikimshukuru kwa uvumilivu wake. Bwana Mutlaq aliishusha simu, akaitazama kana kwamba imemtukana.

Ndani ya basi lililofuata msichana mmoja alimpisha Hajati kiti. Meneja alisimama, shingo imepinda chini ya kwapa la fundi rangi. Haukupita muda abiria wakamtambua, na neno likaenda mpaka mbele. "Bwana meneja, sogea nyuma, nyuma kuna nafasi," mtu alisema, na basi zima likacheka, kwa maana nyuma hapakuwa na nafasi ya sindano. Mwingine alimuuliza kama viyoyozi vimekwenda kuhiji.

Waliposhushwa bondeni, alizitazama ngazi, akazungumza mawili matatu juu ya uzuri wa mawe ya zamani. Walipanda. Baada ya nyumba chache aliacha kuzungumza. Hajati aliketi, wakangoja, akainuka. Aliketi tena. Bado walikuwa chini ya duka la kinyozi magoti yalipomwishia kabisa, akateremka polepole ukutani, uso umekuwa wa jivu na mikono ya baridi.

Meneja alifikiri anaigiza. Alimwinamia, akamgusa mkono, na rangi ikamtoka yeye pia. "Nitaita gari," alisema. "Dakika hii hii naita gari."

"Litapita wapi?" Rudayna alikuwa amepiga magoti akimpepea mama yake kwa mtandio. Hofu na hasira vilimpanda pamoja, na hakuvizuia. "Nionyeshe litapita wapi, bwana. Huu ndio ukucha wako. Anaupanda kila baada ya siku moja, damu yake imetoka mwilini ikarudi, na amesema sasa basi, anaiacha mashine afe kitandani. Mama yangu hafi kwa figo. Anakufa kwa kidole chako pale kwenye ramani."

Bwana Mutlaq aliirudisha simu mfukoni.

Baba Haitham alitoka dukani na kile kiti cha plastiki. Aliangaza huku na huku, wanaume wengine walikuwa kazini. Basi alimtazama meneja, na Rudayna naye akamtazama. Hakuna aliyemwomba. Meneja alivua koti, akalitupa kwenye kizingiti bila kuangalia limeangukia nini, akashika miguu ya nyuma ya kiti. Wakamwinua Hajati.

Viatu vile vinavyong'aa vilikuwa na nyayo laini, navyo viliteleza kwenye mawe. Alijikwaa akagonga goti, kiti kikayumba, Rudayna akapiga ukelele, lakini hakukiachia. Kinyozi, ambaye siku ile hakuwa na kiu, alimsimulia njia nzima ni vichwa gani alivyonyoa asubuhi. Meneja hakumsikia. Alisikia pumzi zake mwenyewe tu, na pumzi fupi za mwanamke aliyekuwa amembeba. Walipofika kileleni, mbele ya msikiti palipokuwa na kituo, alikishusha kiti, akaketi chini mavumbini pale ambapo basi lilikuwa likigeuka.

Nyumbani Hajati alilazwa kwenye godoro la sebuleni mpaka uso ukarudiwa na uhai. Rudayna hakuwa na mapenzi ya kumkirimu mtu yule, lakini mgeni ni mgeni. Alichemsha kahawa, akatia iliki, akammiminia. Bwana Mutlaq aliipokea finjani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, shati limemganda mgongoni. Aliitazama kahawa, kisha akaiweka chini mbele ya godoro la Hajati bila kuigusa.

Baba Haitham, aliyekuwa mlangoni, alinyamaza, jambo ambalo Sarwa halikuwa limepata kushuhudia.

"Nina ombi, Hajati," alisema meneja.

"Sema."

"Usiiache mashine. Keshokutwa uende."

"Kwa nini? Ni ukucha tu."

Aliinamisha kichwa. "Si ukucha. Nisamehe. Keshokutwa basi dogo litakuwa pale msikitini, kwenda na kurudi, na si hiyo keshokutwa tu."

"Na lisipokuwepo?"

"Nitakuja kushika kiti."

Hajati aliitazama finjani. Rudayna alimjua mama yake, akajua anaiacha ile kahawa ipoe makusudi, na ndani ya moyo wake alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahi kwa miezi mingi. Mvuke ulipokoma kabisa, Hajati aliinua mkono.

"Kunywa, mwanangu. Nitakwenda. Lakini sikiliza vizuri. Siku basi lisipofika, nitarudi ofisini kwako, na safari hiyo nitakaa mbele ya finjani mpaka kahawa iote ukungu. Kiu unaijua yako ya leo. Yangu huijui."

Meneja aliinywa yote, ya baridi, bila kupumzika.

Siku hiyo ya keshokutwa, jua likiwa bado halijagusa mnara wa msikiti, honi ya basi dogo ilisikika ikikwea jabali. Wanawake walijitokeza madirishani. Wengine walipiga vigelegele, wengine walimtania dereva kwamba amepotea njia kwa muda mrefu mno kwa safari fupi kama ukucha. Hajati Wasfiya alipanda kwa miguu yake mwenyewe, akakataa mkono wa dereva, akaketi kiti cha mbele. Rudayna alimuuliza kwa nini hakuliomba basi lenyewe siku ile ofisini.

"Basi angelitoa kwa aibu," alisema Hajati akipanga mtandio wake, "na aibu hukauka. Nilitaka alitoe kwa magoti."

Wanaofanya kazi katika jengo lile husema kwamba Bwana Mutlaq alizichora ngazi za Sarwa kwenye ramani kwa mkono wake, vistari vidogo vidogo vya wino, na kwamba hadi leo mtu akimletea shauri la kukihamisha kituo hata kwa unene wa kidole, hashiki kalamu. Hulisugua goti lake lililogonga jiwe, humtuma mhusika akapande kwanza kwa miguu, na humfungia mazungumzo kwa maneno yale yale: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.